Sweta Lililogeuka Majani

Mama Brenda hupima uzi kwa kiberiti. Anakata kipande kifupi kama kope, anakishika kwa pini, anakichoma, kisha ananusa. Kikinuka nywele zilizoungua anasema, "Huyu kondoo." Kikinuka plastiki anautupia ule uzi kwenye kapu la pili, la vitu vya kuchezea watoto. Mwaka wa pili sasa tunaishi nyumba moja hapa Moshono, yeye na mumewe mbele, sisi chumba cha uani, na sijawahi kuona pua yake ikikosea. Hata katika hili la Julai pua yake ilisema kweli. Iliyokosea ni mikono yangu, ingawa yeye hajawahi kunipa nafasi ya kulisema.

Jina lake ni Tabea. Ni Mmeru wa Poli, aliishia darasa la saba kama mimi. Kufuma alifundishwa na mama mchungaji wa usharika wao, wakikaa kwenye ngazi za kanisa baada ya kwaya. Alipoolewa akaja mjini na mumewe Mikaeli, akaweka mashine ya kufumia kwenye kibaraza kimoja Kaloleni, akafuma masweta ya shule miaka kumi na tisa. Bluu, maruni, kijani cha chupa. Anasema akifumba macho bado anaona kola. Baadaye masweta ya mitumba na ya viwandani yakajaa kila kona, wazazi wakaacha kuja, mashine ikaanza kula uzi, na fundi pekee aliyeijua akafariki. Akarudi kwenye sindano mbili za mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeshachoka tayari.

Vitu vidogo vilianza kwa mteja mmoja aliyemwomba amfumie tunda la kahawa la kutundika kwenye kioo cha gari.

"Bivu au bichi?" akauliza Mama Brenda.

Mteja akacheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Alimfumia yote mawili, na la tatu lile la katikati, lenye shavu moja jekundu na moja la kijani. Tangu siku hiyo hafumi sweta. Anafuma maua ya mgomba, ndege chozi wenye mdomo uliopinda, mbega mwenye mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe, na majani. Majani kuliko vyote. Akitaka kufuma jani la kahawa, huliweka jani lenyewe gotini na kulitazama mpaka linaanza kulegea, ndipo anashika sindano.

"Likiwa limetoka kuchumwa linajidai," aliwahi kuniambia. "Liache lichoke kidogo. Ndiyo utaliona lilivyo."

Mimi kazi yangu ni kufumua. Sufu ya kweli dukani haipatikani, na ikipatikana si ya watu kama sisi, kwa hiyo Jumatano na Jumamosi Mama Brenda hushuka sokoni Tengeru, anachambua mitumba, anarudi na masweta ya wazee wa Ulaya kwenye mfuko wa salfeti. Mimi nachana mishono kwa wembe, natafuta ncha ya uzi, navuta. Mtoto wangu Naisiae nikiwa nimemfunga mgongoni, mkono mmoja unavuta na mwingine unazungushia uzi kwenye miguu ya kiti. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama tambi. Unaufua, unautundika kambani na jiwe chini yake, unyooke. Sweta moja ni asubuhi nzima. Ukimaliza, mabega yanalia, na mbele yako kuna donge moja ambalo huwezi kuamini kwamba lilikuwa linamfunika mtu mzima.

Sasa nimseme wifi yake, maana bila yeye hutaelewa kwa nini Mama Brenda alikonda mwezi ule.

Aikaeli, Mama Bariki, ni dada mkubwa wa Mikaeli. Anaishi Nkoaranga, kwenye boma la baba yao, mlimani juu ya Tengeru. Ndoa yake haikudumu, alirudi nyumbani na mtoto mmoja mgongoni, Bariki, akamlea hapo hapo kwenye migomba. Mama Brenda alipoolewa akazaa Brenda, kisha basi, hakupata mwingine. Wazee wa ukoo walikaa wakamwambia Mikaeli atafute mke wa kumzalia mwana wa kiume. Aikaeli alikuwa anapita na ndoo ya maji ya ng'ombe. Akaitua katikati ya kikao. Akasema, "Tabea akitoka kwa lango lile, mimi nafuata nyuma yake, na ndoo yenu mtabeba wenyewe." Kikao kikaishia hapo.

"Mimi kwenye ukoo ule nimeshikiliwa na mtu mmoja," Mama Brenda huniambia. "Mikaeli ni mume. Lakini aliyenishikilia ni wifi."

Bariki alifariki kwa ajali ya pikipiki, mwaka juzi. Matanga yalipoisha nguo zake zikagawiwa ndugu kama ilivyo desturi. Mama yake akaficha chache, akazitia kwenye salfeti, akashuka nazo mpaka Moshono. Alisema kuziweka nyumbani hawezi na kuzitoa hawezi. "Nitunzie, wifi. Siku nikiweza nitakuja." Mama Brenda akauweka ule mfuko nyuma kabisa, chini ya meza ya kazi, akauegemezea ubao. Mimi nilikuwa sijahamia.

Julai hii ilikuja na baridi ya ukungu, ile ambayo mlima huuoni siku nne mfululizo na nguo haikauki. Mzee Philemoni, mwenye duka la zawadi Kaloleni, akataka majani ya kahawa themanini na ndege arobaini. "Mama, wageni wanataka kitu chepesi," alisema, "kitu kinachoingia kwenye begi bila ugomvi." Vidole vya Mama Brenda vilikuwa vimevimba, vya mkono wa kulia vilikuwa haviwezi hata kufunga kifungo. Alikuwa anafuma, anasimama, anavitia kwenye maji moto, anarudi kufuma.

Wiki hiyo hiyo bati lilivuja. Mikaeli akasogeza kila kitu kilichokuwa chini ya meza ili kisilowe, akakirudisha alivyoweza. Mwanaume akirudisha vitu, unajua mwenyewe.

Asubuhi moja Mama Brenda akaenda zahanati kwa ajili ya vidole. Akiwa mlangoni aliniambia, "Mama Nai, fumua za kwenye salfeti, hapo chini ya meza. Kijani kimeisha."

Salfeti zilikuwa mbili. Nikavuta iliyokuwa mbele. Juu kabisa kulikuwa na sweta la kijani, kijani kile cha jani la kahawa lililokomaa, lenye ung'avu kwa ndani. Nikafurahi. Nilipoanza kuchana mishono nikaona haikushonwa na mashine, ni mkono, tena mshono mdogo mdogo wa kufuatana kama nyayo za sisimizi. Nikasema moyoni, aliyelishona hili hakuwa na haraka. Nikaendelea kukata. Lilikuwa refu, la mtu mrefu, mikono yake haikwisha upesi. Kufika mchana lilikuwa limekuwa mafungu matatu kambani, na maji ya sabuni yanachuruzika.

Mama Brenda aliporudi alichoma kipande, akanusa, akafumba macho.

"Kondoo! Tena kondoo asiye na mchezo. Umelitoa wapi hili?"

"Si kwenye salfeti ile ya chini ya meza, mama?"

"Jumamosi sikuliona. Macho yangu haya."

Alifuma siku tatu. Nilikuwa nakaa karibu yake namnyonyesha mtoto. Siku ya pili akasimamisha sindano, akaupitisha uzi kati ya vidole kama mtu anayetafuta mwiba.

"Mama Nai, hebu shika hapa. Unasikia?"

Nikashika. Palikuwa pamenenepa kidogo.

"Uzi ulikwisha hapo, akaunga. Lakini hakufunga fundo. Amechambua ncha zote mbili, akatia mate, akasugua kwenye kiganja mpaka zikashikana. Hii ni sufu tupu, uzi wa plastiki haukubali." Akacheka kidogo. "Huyu mzungu anaunga kama mimi. Labda alisoma kwa mama mchungaji wangu."

Tukacheka sote. Mzee Philemoni akaja Jumatatu, akayabeba majani kwenye boksi.

Simu ikaja Alhamisi. Mama Brenda huweka simu juu ya meza na kufungua sauti, kwa sababu mikono haina nafasi, kwa hiyo nilisikia yote.

"Wifi! Hujambo na baridi?"

"Sijambo wifi. Huku mlima umejifunika, hatuuoni. Huko juu?"

"Huku tuko ndani yake. Mabega yameniganda, wifi, hata kukamua nashindwa. Sasa sikiliza. Nimekaa nikawaza, lile sweta la mtoto limekaa kwako bure. Nataka nilivae mwenyewe. Jumapili nikitoka ibadani nashuka kulichukua."

"Sweta la Bariki."

"Lile lile ulilomfumia alipopata nafasi ya kusoma Lushoto. Si nilikuletea na suruali na viatu vyake vya mpira? Ndiyo hiyo. Nimeweza, wifi. Nilikwambia siku nikiweza nitakuja."

Mama Brenda alikuwa ameshika ndege aliyekosa bawa moja. Akamweka chini taratibu. "Sawa wifi," akasema, simu ikakatika, naye akainama chini ya meza. Akavuta salfeti ya kwanza. Suruali. Viatu vya mpira vyenye udongo mkavu kwenye njumu. Mfuko haukuwa na kitu kingine.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilisikia baridi imeingia mpaka kwenye maziwa.

"Mama," nikasema, "ni mimi."

Mama Brenda akachukua lile donge lililobaki, dogo kama limau, akautafuta ule uzi kwa vidole mpaka akapafikia mahali pamenenepa. Akapashika hapo.

"Nilitia mate yangu mwenyewe," akasema. "Siku tatu nimeushika mkono wangu na sikuujua."

Nilitegemea angetafuta uongo kidogo. Ningekuwa mimi ningeutafuta. Kuna panya, kuna wezi, kuna maji yaliyovuja. Yeye alirudisha suruali na viatu kwenye mfuko, kisha akapiga simu.

"Wifi, nimekuta nguo. Sweta limefumuliwa."

"Limefanywaje?"

"Limefumuliwa. Nililifuma majani, nikayauza."

Tulisikia kuku wa Nkoaranga wakidonoa. Tulisikia mtu akivuta pumzi. Kisha simu ikakatika. Alipopiga tena, simu iliita mpaka ikachoka, na Jumapili Mama Bariki hakushuka.

Mikaeli aliporudi kazini, ni mlinzi shamba la maua, mkewe akamweleza yote. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Dada yangu namjua. Akikasirika hata ng'ombe wanabana maziwa."

"Utakwenda kunisemea?"

"Mimi? Mama Brenda, mimi nikienda ataniuliza ni nani aliyesogeza mifuko."

Jumatatu tukaenda kwa Mzee Philemoni. Yeye ni mtu mwema, ila ana mdomo. Kati ya yale ya uzi wa Bariki yalikuwa yamebaki kumi na moja kwenye kamba dirishani.

"Mama, mengine yameshapanda ndege. Nikimbilie wapi, uwanja wa KIA? Nimwambie mzungu fungua begi, hilo jani ni marehemu?"

Alipoona uso wa Mama Brenda akajuta, akayafungua yale kumi na moja mwenyewe, moja moja, akakataa kusaidiwa. Mama Brenda akamwachia majani mengine ishirini na mawili badala yake, ya uzi wa kondoo mwingine. Njiani kurudi alishikilia mkoba tumboni kwa mikono yote miwili.

Nilidhani atajaribu kufuma sweta upya. Nikamuuliza. Akaniambia uzi uliobaki hautoshi hata mkono mmoja wa mtoto wangu, na kuchanganya na uzi mwingine hataki, hilo litakuwa sweta la mtu asiyejulikana.

Nikamweleza kwamba kwetu sisi Waarusha, ukimkosea mtu unang'oa nyasi za kijani, unazishika mkononi, unamwendea. Akiziona hizo nyasi hawezi kukupiga wala kukufukuza.

"Na sisi ni isale," akasema.

Isale ninalijua, kila mpaka wa shamba huko juu umepandwa masale, marefu, majani yake kama panga lisilokata. Mmeru akiomba msamaha wa jambo zito hulikata jani la isale, analifunga fundo moja, analipeleka kwa aliyemkosea. Ni kama kwa jirani zao Wachaga. Na aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa, hata kama moyo umejaa.

Mama Brenda akayatazama yale majani kumi na moja ya kahawa juu ya meza. Kisha akachukua la kwanza, akatafuta ncha, akalifumua.

Ilimchukua siku mbili. Hakuweka jani gotini safari hii, alisema isale analijua tangu tumboni. Alifuma jani moja refu, la kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, na mshipa katikati, kingo zikijikunja kidogo kama masale yanavyofanya. Akalifunga fundo. Nimeona vitu vingi vilivyotoka kwenye zile sindano, lakini sijaona kitu kizuri kama kile. Vidole vyake usiku uliofuata vilikuwa haviwezi kushika kijiko, Mikaeli akamlisha loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, kama mtoto, akimpulizia.

Jumamosi tukapanda Nkoaranga. Nilimwambia nitaenda naye, hakukataa. Kutoka barabara kubwa pale Tengeru tulipanda kwa miguu kwa sababu pikipiki Mama Brenda hapandi tangu Bariki. Udongo ulikuwa umelowa. Alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache, anashika kiuno, anaangalia migomba, na mimi nasimama na Naisiae wangu mgongoni najifanya namfunika vizuri, ili asione kwamba namsubiri.

Mama Bariki alikuwa amekaa kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Ni mwanamke mkubwa, mwenye mabega ya mwanaume, na siku hiyo alikuwa amejifunga kitenge juu ya kitenge kwa ajili ya baridi. Kaburi la Bariki lilionekana kwenye migomba, limewekwa marumaru nyeupe.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba." Akamtazama wifi yake. "Umekuja na shahidi. Tena shahidi mwenyewe ananyonyesha."

Mama Brenda hakukaa. Nadhani aliogopa akikaa hatasimama. Akalitoa jani kwenye mkoba, akalishika kwa mikono yote miwili, akalinyoosha mbele.

"Wifi, nimekukosea."

Mama Bariki hakulipokea mara moja. Alimalizia maharage yaliyokuwa kiganjani, mabovu akayatupa kwa kuku. Ndipo akalichukua.

"Nini hiki?"

"Isale."

"Isale." Akaligeuza. "Limeota wapi?"

"Ni uzi wake, wifi. Ndio uliobaki. Nilifikiri..."

"Isale halifumwi, Tabea. Isale linakatwa. Linatoa maji mkononi, unasikia ubaridi wake. Hukulelewa Meru wewe?"

"Nimelelewa."

"Unajua, ukafuma."

"Nikafuma."

Nikaona hapa mtu mzima anabebeshwa mzigo wangu. Nikajisogeza mbele. "Mama, sweta nililifumua mimi, yeye alikuwa zahanati..."

"Mama Nai," akasema Mama Brenda bila kugeuka, "mtoto ana baridi. Mfunike."

Mtoto alikuwa amefunikwa. Nikamfunika tena.

Mama Bariki alikuwa amelishika lile jani kwa pande zote mbili. Sauti yake haikupanda. Ingekuwa afadhali ingepanda.

"Jani la kweli linanyauka. Unaliweka pale ukutani, kila siku unaliona linakuwa la kahawia, na wewe moyo wako unashuka nalo. Siku linakatika ukilishika, jambo nalo limekwisha. Ndivyo lilivyowekwa. Hili lako halinyauki. Mimi nitalitazama mpaka lini? Mwaka wa kumi linaniangalia tu hapo, kijani?"

Safari ile yote, siku mbili zile, vidole vile, na kumbe alilolifanya kwa upendo ndilo lililokuwa limezidi. Mama Brenda akainamisha kichwa, na nikaona utosini mvi zimeongezeka tangu wiki iliyopita.

Mama Bariki akalipeleka jani puani. Akanusa kwa muda mrefu.

"Umeufua."

"Ulifuliwa. Lazima ufuliwe ndiyo unyooke."

"Kwa sabuni gani?"

"Ya mche."

"Harufu yake imetoka." Akanusa tena, akasogea mpaka kwenye fundo, kama mtu anayetafuta chumba cha mwisho ndani ya nyumba. "Imetoka yote."

Hapo ndipo alipolia, kidogo, bila kufuta. Mama Brenda naye akalia pale pale alipokuwa amesimama. Mimi nilitazama ungo wa maharage. Kulikuwa na jiwe moja dogo alilolisahau, nikaliokota.

Kisha Mama Bariki akalifungua lile fundo. Akalinyoosha jani juu ya paja.

"Ncha yake iko wapi?"

"Wifi?"

"Ncha. Unapoanzia kufumua. Wewe fundi hujui?"

Mama Brenda akasogea, akainama, akaonyesha kwenye kikonyo, mahali alipokuwa ameificha ncha ndani ya vitanzi. Mama Bariki akaichokonoa kwa ukucha. Akavuta. Kitanzi cha kwanza kikafunguka, cha pili, halafu jani likaanza kwenda lenyewe, mstari kwa mstari, tik tik tik, sauti ambayo mimi naisikia kila siku na sijawahi kuisikia vile. Siku mbili za vidole vilivyovimba zikaisha kwa muda usiotosha hata kuchemsha maziwa. Mama Brenda alitazama mpaka mshipa wa katikati ukapotea. Hakusema acha.

"Mimi sikutaka jani," akasema Mama Bariki. "Nilitaka kitu kilichomgusa mwanangu. Uzi huu ulimgusa. Majani hayakumgusa."

"Ndiyo wifi."

"Haya. Jani nenda kakate. Lile la mpaka wa chini, kwa kina Mzee Yoeli, ndiyo yana afya. Usikate la karibu na kaburi."

Mama Brenda akamtazama, kama hakusikia vizuri.

"Kisu..."

"Kisu kipo jikoni. Unajua kinapokaa."

Alikwenda. Magoti yalilia akipanda ngazi ya jiko, tukamsikia anafungua kabati bila kubahatisha, kisha tukamwona anashuka kwenye migomba polepole, kisu mkononi, mkono mwingine unashika mgomba hadi mgomba.

Mama Bariki akanigeukia. "Wewe. Lete mikono."

Nikanyoosha mikono. Akaanza kuuzungushia ule uzi kwenye viganja vyangu, raundi kwa raundi, uliojikunja kama tambi. Alikuwa hanitazami. Mikono iliyoufumua mara ya kwanza ndiyo iliyoushikilia, na nadhani alijua, kwa sababu alikuwa anauvuta kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika, unaniuma kati ya kidole gumba na cha pili. Sikuisogeza mikono. Mgongoni Naisiae alikuwa amelala.

"Wifi!" Sauti ya Mama Brenda ikatoka chini, kwenye mpaka. "Nililokata lina doa!"

"Kata lingine!" akajibu Mama Bariki, macho kwenye uzi. "Na usikae huko, kuna umande!"

"La ukubwa gani?"

"Tabea, hilo nalo nikufundishe? Kata unaloweza kubeba!"